Mkuu wa Zimamoto Aliyefia Tooley Street

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, jambo la kwanza lililonijia akilini ni zile ndoo nyekundu. Ndugu zangu mliolala katika mabweni ya zamani mtazikumbuka. Zilitundikwa barazani, zimejaa mchanga, na neno MOTO limeandikwa juu yake kwa rangi nyeupe. Sisi tulizigeuza majaa ya maganda ya machungwa. Siku moja niliadhibiwa kwa kumwaga mchanga wa ndoo mbili ili nizitumie kuogea, nami nikaona nimeonewa kabisa. Makala haya basi ni shukrani iliyochelewa kwa askari wa zimamoto, na kwa polisi ambao husimama nao mahali pa hatari.

Nimechagua habari za mtu mmoja, James Braidwood, kwa kuwa kazi ya kuzima moto kama tuijuavyo leo ina deni kubwa kwake. Alizaliwa Edinburgh, nchini Scotland, mwaka 1800. Alisoma Royal High School ya mji huo (kwa hiyo naye alikuwa mwanafunzi wa zamani kama sisi), kisha akajifunza kazi ya ujenzi kwa baba yake. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 24, alikabidhiwa kikosi kipya cha zimamoto cha mji. Hata hajakaa vizuri katika kazi hiyo, mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Edinburgh ikashikwa na moto mkubwa uliowaka kwa siku kadhaa. Mamia ya jamaa walikosa makao, na mnara wa kanisa la Tron ukateketea.

Yasemwayo juu ya moto ule yanafundisha. Wanaume walikuwapo, na pampu zilikuwapo. Lakini kila mkubwa wa mji aliyefika pale alitoa amri yake, huyu akisema huku, yule akisema kule, na kijana Braidwood akawa hana pa kushika. Baada ya msiba huo ikakatwa shauri kwamba penye moto amri ni ya mkuu wa zimamoto peke yake, hata awe amesimama karibu na nani. Jambo hili laonekana dogo, lakini nadhani ndipo kazi hii ilipoanza kuheshimiwa kuwa ni ujuzi.

Braidwood aliwachagua watu wake miongoni mwa mafundi: waashi, maseremala, wahunzi, waezekaji wa paa. Alitaka watu wanaojua nyumba ilivyoundwa, ili wajue itakavyoanguka. Aliwazoeza alfajiri, kabla ya mji kuamka. Zamani wazima moto walisimama barabarani wakirusha maji kwenye moshi. Yeye aliwafundisha kuingia ndani na kuutafuta moto pale unapokaa, na akakataza mtu kuingia peke yake. Mwaka 1830 akaandika kitabu juu ya pampu za kuzimia moto na mafunzo ya wazima moto. Hadithi moja inasema kwamba duka moja la vyuma lilipokuwa likiungua, na ndani mna baruti, hakumtuma mtu. Aliingia mwenyewe akaitoa.

London wakamwita mwaka 1833. Hapa hapana budi nieleze kidogo jinsi mji ule mkubwa ulivyokuwa ukilindwa. Baada ya moto mkuu wa Septemba 1666, ulioanzia katika nyumba ya mwoka mikate na kuteketeza nyumba 13,200 na makanisa 87, zilizuka kampuni za bima ya moto. Kila kampuni iliajiri wazima moto wake na kupigilia kibao cha alama yake kwenye ukuta wa nyumba iliyokatiwa bima. Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba nyumba isiyo na kibao iliachwa iungue. Wanahistoria wa siku hizi wanaitilia shaka hadithi hiyo, maana moto hausomi vibao, na nyumba ya jirani ikiwaka, yako itafuata. Lakini hili halina ubishi: usalama wa raia ulikuwa mikononi mwa wafanya biashara. Kampuni 10 zilipounganisha vikosi vyao, zikamweka Braidwood awe mkuu, naye akapewa watu wapatao 80 wa kazi ya kudumu. Watu 80 kwa mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu! Safari hii alipenda zaidi kuajiri mabaharia, kwa sababu wamezoea kamba, zamu za usiku, na kutii amri.

Tarehe 16 Oktoba 1834 majumba ya Bunge yaliwaka moto. Wazima moto wa Braidwood walikwenda, nao walisaidia sana kuliokoa lile jumba la kale la Westminster Hall. Mtu angetazamia kwamba baada ya hapo serikali ingeichukua kazi hiyo mikononi mwake. La hasha. Mambo yakaendelea vile vile kwa miaka mingine zaidi ya 30.

Sasa tufike Tooley Street. Mtaa huu uko kusini mwa mto Thames, karibu na daraja la London. Katika miaka ile ulijaa maghala marefu ya shehena kutoka kila pembe ya dunia: pamba, katani, juti, sukari, chai, viungo, na shahamu ya kutengenezea mishumaa na sabuni. Braidwood alikuwa ameonya mara nyingi kwamba maghala makubwa namna ile yakishika moto hakuna pampu itakayoyaweza. Palikuwa na milango ya chuma ya kutenga ghala na ghala, ili moto usivuke. Jumamosi alasiri, tarehe 22 Juni 1861, moto ulipozuka, milango hiyo ilikuwa imeachwa wazi.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya wanafunzi wa sasa. Mlango ni jambo kubwa katika habari za moto. Kule London mlango uliopasa kufungwa ulikuwa wazi. Katika shule ya Kyanguli, wilayani Machakos, nchini Kenya, mwezi wa Machi mwaka 2001, mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yana nondo, na vijana 67 walikufa. Msaada ukifika upesi namna gani, utakuta kile ambacho wenyeji wamekiandaa. Ikiwa bweni lenu lina kufuli la nje usiku, mwambieni mwalimu wa zamu leo, msingoje mkutano.

Turudi mtoni. Maji yalikuwa yamekupwa, na pampu za kuelea juu ya mto hazikuweza kusogea karibu. Shahamu iliyoyeyuka ilitiririka hadi Thames, ikawaka juu ya maji. Watu kwa maelfu walikuja kutazama, daraja la London likasongamana, na polisi walikuwa na kazi ya kurudisha nyuma umati uliotaka kusogea. Kazi hii ya polisi haiandikwi sana. Mtu anayezuiwa kamba isivuke humwona askari kuwa mkorofi, wala hafikiri kwamba pengine amezuiwa asiuawe.

Wazima moto walikuwa hoi kwa joto. Ilipofika kama saa moja na nusu jioni Braidwood, akiwa na miaka 60, alikuwa akipita miongoni mwao akiwagawia kinywaji kidogo cha kuwatia nguvu, mmoja mmoja, kama mzee wa nyumba. Ndipo ukuta wa ghala ukabenuka na kuanguka. Ulimfunika yeye na mzima moto mwingine, Peter Scott. Moto ulikuwa mkali hata mwili wake haukuweza kutolewa kabla ya siku mbili kupita. Moto wenyewe uliendelea kuungua kwa muda wa majuma mawili.

Siku ya mazishi, tarehe 29 Juni, msafara ulikuwa na urefu wa maili moja na nusu. Maduka yalifungwa na kengele za makanisa zikalia. Alizikwa karibu na mwanawe wa kambo, aliyekuwa mzima moto naye, na aliyekufa kazini mwaka 1855.

Nimesoma habari za msafara ule mara nyingi, na kila mara huona kuwa heshima ile ilikuwa ya kweli lakini haikutosha. Mjane hupewa rambirambi, na kesho yake wale 80 wanarudi kwenye pampu zile zile. Kilichobadili mambo kilikuwa hesabu. Hasara ilifika kiasi cha pauni milioni mbili, na kampuni za bima zikaiambia serikali kwamba hazitaki tena mzigo huo. Mwaka 1865 Bunge likapitisha sheria, na kuanzia tarehe 1 Januari 1866 London ikawa na zimamoto ya umma. Gharama ziligawanywa: wenye nyumba walitoa nusu peni katika kila pauni ya thamani ya pango, kampuni za bima zilitoa pauni 35 kwa kila milioni moja ya mali iliyokatiwa bima, na serikali ikatoa pauni 10,000 kwa mwaka. Mkuu wake wa kwanza, Eyre Massey Shaw, alikuwa ametoka Belfast, ambako aliongoza polisi na zimamoto kwa pamoja.

Huko Edinburgh alikozaliwa na kusoma, Braidwood alisimamishiwa sanamu mwaka 2008, miaka 147 baada ya ukuta ule kumwangukia.