Mvua ya Tukuyu, mafuriko ya Kyela

Kwa nini mito ya Kyela hufurika hata siku ambayo huko bondeni hakujanyesha? Jibu liko juu mlimani.

Mlima Rungwe una urefu wa karibu mita 2,960, na Tukuyu, iliyo chini yake, hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha maji hayo hadi tambarare za Kyela na kuyamwaga Ziwa Nyasa.

Kwenye nchi za baridi, hatari huwa kubwa mvua inaponyesha juu ya theluji inayoyeyuka, kwa sababu maji ya mvua na ya theluji hushuka kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2022 katika Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ambako mafuriko yalikata barabara.

Sisi Rungwe hatuna theluji. Ghala letu la maji ni udongo. Mvua huanza Novemba. Ikifika Machi na Aprili, ardhi imeshashiba. Mvua kubwa ikinyesha wakati huo, maji hayana pa kuzama, hivyo hukimbilia mtoni.

Unayeishi bondeni, sikiliza utabiri wa TMA wa nyanda za juu, siyo wa Kyela peke yake. Mto ukijaa ghafla na kuwa na tope, ondoka kando yake, wala usijaribu kuvuka, iwe kwa miguu au kwa bodaboda. Na sisi wa juu, tukiona mvua haikatiki, tuwapigie simu ndugu zetu wa Kyela mapema.