Nyumba imebebwa na udongo Zirai, leo unalala wapi?

Mvua za masika au vuli zikizidi milimani Usambara, nyumba iliyochimbiwa kwenye ubavu wa mlima inaweza kuondoka usiku mmoja. Ukiwa Zirai, usitegemee kukuta jengo lenye kibao cha "malazi ya dharura". Msaada upo, ila unaanzia kwa watu: jirani, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji. Na kinachoamua kama utakumbukwa wiki mbili baadaye ni kitu kidogo tu, jina lako kuandikwa.

Kwanza toka. Ukuta ukipasuka ghafla, mlango ukigoma kufunga, au mti wa juu ya nyumba ukianza kuinama, usingoje kupambazuke. Wala usirudi kuchukua godoro. Piga 112 polisi au 114 Zimamoto na Uokoaji, lakini piga kelele pia. Mvua kubwa ikinyesha barabara za milimani huziba. Hata ile kuu ya Mombo–Soni–Lushoto imeshafungwa na mawe na udongo mara nyingi. Kwa hiyo wa kukufikia kwanza ni wa kijijini kwako.

Usiku wa kwanza wengi hulala kwa ndugu au jirani. Kama familia ni kubwa au zilizopatwa ni nyingi, muombe mwenyekiti wa kitongoji amtafute mtendaji wa kijiji na mwalimu mkuu mfunguliwe darasa. Viongozi wa msikiti na wa kanisa nao huombwa, na hawaulizi sana dini yako usiku wa mvua. Omba blanketi kabla ya chakula. Baridi ya huku juu si ya kuchezea, hasa kwa mtoto mchanga na mzee.

Darasa lina tatizo lake. Wanafunzi wanalihitaji Jumatatu. Siku hiyohiyo ya kwanza uliza mtahamia wapi shule ikifunguliwa, msije kutolewa ghafla na vyombo mkononi.

Sasa suala la jina, na hapa ndipo watu wanapopoteza. Aliyelala darasani anaonekana, kila kiongozi akija anamhesabu. Aliyekwenda kwa shemeji yake kijiji cha pili haonekani. Kama umehifadhiwa na ndugu, nenda au tuma mtu kwa mtendaji siku hiyohiyo, useme nyumba yako ilikuwa wapi, mlikuwa wangapi, wagonjwa na watoto ni akina nani, na unapatikana kwa namba gani. Piga picha ya nyumba kabla ya watu kuanza kuokota mabati. Ukiwa mpangaji sema hivyo waziwazi. Mwenye nyumba amepoteza nyumba, wewe umepoteza pa kulala na vitu vyako, kwa hiyo majina yenu yaandikwe yote mawili. Kuandikishwa hakulipiwi. Ukiombwa hela ili uingizwe kwenye orodha, TAKUKURU wanapatikana kwa 113.

Orodha hiyo inapanda kutoka kijijini kwenda kata, kisha wilayani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na ya wilaya iko chini ya mkuu wa wilaya. Mahema na mablanketi ya serikali au ya Chama cha Msalaba Mwekundu yakija, hugawiwa kwa kufuata majina. Usiishie kwa mtendaji wa kijiji kama siku zinapita kimya. Nenda kwa mtendaji wa kata, halafu kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Mfano mkubwa wa karibuni ni Hanang, mkoani Manyara. Tope la mlima liliposhuka Katesh Desemba 3, 2023, waliookoka waliwekwa kwanza kwenye majengo ya shule. Baadaye zilijengwa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret, zikakabidhiwa mwishoni mwa 2024. Kati ya darasa na nyumba ulipita takriban mwaka mzima, na hilo ni tukio lililotangazwa nchi nzima. Nyumba tatu zikianguka kitongojini hakuna kamera itakayokuja, kwa hiyo ufuatiliaji ni wako.

Si kila anayekosa pa kulala ameangukiwa na mlima. Mwanamke aliyefukuzwa na mume usiku aende dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Kama nyumba inauzwa bila yeye kujua, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mtoto asiye na pa kwenda, au yeyote aliyemwona, apige 116, ni bure.

Vitambulisho vikipotea kwenye tope, chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji na taarifa ya upotevu polisi. Ndizo utakazoonyesha gesti, kwenye laini ya simu na NIDA.