Elimu ya fedha na usalama mtandaoni kwa watoto wa chekechea

Elimu ya fedha na usalama mtandaoni kwa watoto wa chekechea ni malezi na mafunzo anayopewa mtoto wa miaka 3 hadi 6 ili aelewe pesa hutoka wapi na huisha vipi, na ajue la kufanya anaposhika simu, kishikwambi au runinga yenye intaneti. Zamani mambo haya mawili yalifundishwa mbalimbali. Afrika Mashariki yamezidi kusogeleana tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, kwa kuwa simu anayoangalizia katuni mtoto ndiyo hiyo hiyo ambayo mzazi hupokelea pesa, hununulia umeme na kulipia ada.

Katika nyumba ya namna hiyo mtoto haoni noti ikitoka wala chenji ikirudi. Humwona mama akibonyeza, na taa zinawaka. Akiambiwa "leo hatuna hela" ilhali simu iko mkononi, haimwingii akilini, na huo si ukaidi. Ndiyo maana ni vyema kuanza na pesa ya kushikika, hata kama mzazi mwenyewe siku hizi hatembei nayo.

Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget (1896–1980) alionyesha kwamba mtoto ambaye hajafika miaka 7 hivi hupima wingi kwa macho. Panga safu mbili za vitu vyenye idadi sawa, kisha tanua moja. Atasema iliyotanuka ina vingi zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, wa miaka minne akiambiwa achague kati ya sarafu moja ya shilingi 10 na tatu za shilingi 1, mara nyingi huchukua zile tatu. Sarafu za Kenya zilizotolewa Desemba 2018 zinasaidia sana hapa: twiga yuko kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na tembo kwenye 20, hivyo asiyejua tarakimu huitambua pesa kwa mnyama wake.

Darasa lenyewe ni duka la jirani. Tanzania, kwa mfano, mtoto hupewa sarafu ya shilingi 500 na kuagizwa maandazi mawili ya shilingi 200 kila moja, mzazi akisimama nyuma yake bila kumsemea. "Shikamoo, mama. Naomba maandazi mawili." Muuzaji huitikia marahaba na kumpa mfuko. Wengi hugeuka kuondoka papo hapo. Ile shilingi 100 inayobaki kwenye meza ya duka ndiyo kiini cha somo. Akirudi kuichukua, kisha akaomba pipi na kuambiwa kuwa hiyo inakwenda nyumbani, amegusa kununua, chenji na akiba kwa safari moja.

Kibubu kinafaa, ila kwa umri huu chombo cha kioo au plastiki angavu ni bora kuliko cha bati, kwa kuwa mtoto huona pesa ikipanda. Mwaka 2011 shirika la Sesame Workshop la Marekani lilisambaza mafunzo ya vyombo vitatu, cha kutumia, cha kugawia wengine na cha kuweka, yakiongozwa na mhusika Elmo. Jambo zito zaidi, hata hivyo, ni neno la mtu mzima. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, watoto waliokuwa wametimiziwa ahadi walisubiri kitamu cha pili kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliokuwa wamevunjiwa ahadi walisubiri kama dakika 3 tu. Mzazi anayekopa kwenye kibubu cha mwanawe na asirudishe anamfundisha kula chote leo.

Upande wa mtandao, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja ya kutazama skrini kwa siku. Ndani ya saa hiyo, hatari kubwa kwa mtoto asiyejua kusoma ni kitufe chenye rangi. Hatofautishi mchezo na tangazo. Januari 2014 kampuni ya Apple ilikubaliana na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kurudisha kwa wateja angalau dola milioni 32.5 kwa manunuzi ambayo watoto walifanya ndani ya michezo. Mzazi mmoja alilalamika kuwa binti yake alitumia dola 2,600 katika mchezo mmoja. Wazazi hawakuwa wameelezwa kwamba wakiingiza nywila mara moja, mlango wa kununua hubaki wazi kwa dakika 15.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mkubwa: namba ya siri asiyoingiza mtoto akitazama, kadi ya benki isiyohifadhiwa kwenye programu za michezo, na katuni zilizopakuliwa kabla ya kumkabidhi simu. Sheria nazo zinamtwika mkubwa mzigo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto.

Mtoto mwenyewe hufundishwa machache: aulize kabla ya kubonyeza, asitaje jina lake kamili, shule wala mahali anapoishi, na asikubali siri ambayo mama au baba hawaijui. Hayo hukaa kichwani kwa mchezo wa kuigiza, mmoja akiwa "simu" inayouliza maswali. Yote huharibika siku mtoto anapokuja kusema "nimebonyeza" akapokewa kwa makofi. Kesho hatasema, na kesho huenda upande wa pili kuna mtu mzima anayemwomba picha. Ikifika huko, mzazi wa Kenya au Tanzania hupiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.