Vifaa vya kunasua gari: vilitoka wapi, na kipi ununue kwanza



Wiki iliyopita viongozi wa kikundi kimoja cha wafugaji wanaokusanya maziwa walinifuata ofisini. Wana pikapu, wana fedha kidogo iliyobaki baada ya kununua makopo ya maziwa, na swali lao lilikuwa moja: wanunue winchi? Msimu uliopita gari lao lilititia kwenye udongo mweusi wa mbugani saa mbili asubuhi, likatolewa na trekta saa kumi jioni. Maziwa ya siku nzima yalimwagwa. Sikuwajibu palepale. Nimeona niandike hapa, maana vifaa hivi vina historia, na historia hiyo inaonyesha vizuri kuliko muuza duka kipi kitangulie.

Twende jangwani kwanza. Miaka ya 1920 kulikuwa na ofisa wa jeshi la Uingereza huko Misri aitwaye Ralph Bagnold. Likizo zake alizitumia, yeye na wenzake, kuendesha magari ya Ford (Model T, baadaye Model A) kwenda kwenye jangwa la Libya. Mchanga laini uliwashika kama tope linavyotushika sisi. Kwenye duka la vyuma chakavu mjini Cairo alikuta vipande vya chuma vilivyokunjwa kama mfereji, mabaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyokuwa vimetengenezwa kuezekea mahandaki. Akavichukua. Gari likizama, walichimba mchanga mbele ya magurudumu ya nyuma, wakalaza vyuma vile, dereva akaondoka polepole bila kuzungusha matairi. Likishashika mwendo halikusimama hadi lifike pagumu. Wengine walibeba vyuma na kulifuata kwa miguu.

Jambo la pili walilojifunza halikuwagharimu hata senti: kupunguza upepo. Tairi lenye upepo mdogo hulala, likakanyaga eneo kubwa zaidi, hasa kwa urefu, na uzito wa gari ukagawanyika. Kwa pikapu ya leo, kwenye mchanga unaweza kushuka kutoka 35 hadi 18 au 20. Kwenye udongo wetu mweusi unaonata, niseme ukweli, faida yake ni ndogo, kwa sababu udongo hujaa kwenye meno ya tairi na tairi linakuwa kama chupa. Huko chepe na mbao ndiyo kazi.

Mwaka 1939 Bagnold aliitwa tena jeshini, akapangiwa kuja huku kwetu Kenya. Meli aliyopanda iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania, ikabidi ishushe watu Misri, na hivyo akabaki huko. Mwaka 1940 alianzisha kikosi cha kusafiri jangwani nyuma ya maadui. Madereva wake wa kwanza walikuwa watu wa New Zealand, wengi wao wakulima waliozoea magari na matengenezo ya shambani. Kila lori lilibeba vile vyuma. Na aliyoyaona jangwani aliyaandika kitaalamu: kitabu chake kuhusu mchanga unaopeperushwa na upepo, kilichotoka mwaka 1941, bado wataalamu wanakitumia.

Mwaka huohuo wa 1941, huko Marston, North Carolina, Marekani, jeshi lilijaribu mabati mazito yenye matundu ya duara, yanayofungana pembeni, ya kutandaza viwanja vya ndege kwenye ardhi laini. Kila kipande kilikuwa na urefu wa mita 3 hivi na uzito wa kilo 30. Vita vilipoisha yalibaki mengi, na wenye magari wakayakata vipande vya kubeba. Mbao za plastiki zenye meno zinazouzwa leo madukani ni wajukuu wa vitu hivyo viwili.

Kwetu historia ilikuwa ya tope zaidi. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na mwaka 1963 kati ya magari 84 yaliyoanza yalimaliza 7 tu. Mwaka 1968 mvua ikarudia: yakaanza 93, yakamaliza 7 vilevile. Baadhi ya magari yalifungwa vishikio na vikanyagio nyuma ili msaidizi asimame pale na kurukaruka, uzito uwe juu ya magurudumu yanayosukuma. Vijana wetu wanaodandia nyuma ya pikapu wakati wa kunasua hawakubuni wao. Kisha ikaja njia ya Zambia. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wake Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalilazimika kupita Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa juu ya malori, kwenye barabara ya udongo ambayo madereva waliiita njia ya jehanamu. Ilikuwa hivyo hadi bomba la mafuta lilipofunguliwa mwaka 1968, na lami ikafuata baadaye.

Sasa kamba. Nailoni ilibuniwa Marekani mwaka 1935, na katika Vita vya Pili ilitumika kuvuta ndege zisizo na injini, kwa sababu inavutika bila kukatika. Kamba ya namna hiyo hunyooka kama mpira, ikajaza nguvu, ikalinyanyua gari lililozama bila mshtuko wa ghafla. Waya na mnyororo havina huruma hiyo. Lakini nguvu iliyojaa kwenye kamba lazima itokee mahali. Niliwahi kuona watu wamefunga kamba kwenye kile kipira cha kuvutia trela. Kikakatika, kikaruka kama risasi, kikavunja mguu wa kijana aliyesimama pembeni akitazama. Sentimita chache juu zaidi tungekuwa msibani. Kwa hiyo: funga kwenye ndoano zilizoungwa na chasisi tu, kwa pingu ya chuma ya umbo la U iliyoandikwa uzito wake (tani 3.25 au 4.75), na watu wakae mbali kuliko urefu wa kamba.

Jeki ndefu ya mkono imetoka shambani; kampuni ya Bloomfield, Indiana, inazitengeneza tangu mwaka 1905, na wakulima walizitumia hata kung'olea nguzo za uzio. Ni kifaa kizuri, ila kwenye tope kitako chake huzama usipokiwekea ubao, mpini wake ukiponyoka unavunja taya, na pikapu nyingi za sasa zina bampa la plastiki lisilo na mahali pa kuishikiza.

Winchi nayo ina ukoo wa kilimo. Miaka ya 1850 Mwingereza John Fowler alivuta majembe kwa waya na injini ya mvuke, kwa sababu injini zenyewe zilikuwa nzito mno kuingia shambani. Angalia alivyofikiri: injini ilikaa pagumu, pembeni. Winchi bila kitu imara cha kushika haivuti chochote, na mbuga ile ninaifahamu, haina mti hata mmoja wa maana kwa kilomita nyingi.

Basi ndugu zangu wa maziwa, winchi isubiri. Nunueni chepe mbili za mpini mgumu, kamba ya nailoni na pingu zake mbili, na geji pamoja na pampu ya upepo. Mbao mnaweza kujitengenezea: mbao ngumu mbili za mita moja na nusu, fundi wa kuchomelea azifunge mikanda ya chuma kwenye ncha na kupigilia vyuma vya meno juu. Zifungwe juu ya bodi, zisiwekwe chini ya makopo, maana siku mtakayozihitaji gari litakuwa limejaa. Na pampu isiachwe nyumbani: ukitoka mchangani ukaingia lami na upepo wa 18, tairi linachemka na kupasuka kabla hujafika kwenye kituo cha kupozea maziwa.