Kabla "memori ijae", kichwa ilikuwa nini?

Nilipoacha chuo, wasee wakiniuliza shida ilikuwa nini nawaambia, "Kichwa ilijam. Memori imejaa." Wote walielewa. Hakuna aliyeuliza kama nalala usiku.

Hii tabia ya kuita akili mashine ya wakati huo ni ya kitambo, manze. Plato, enzi za kuandika kwa nta, alifananisha kumbukumbu na kibao cha nta kilicho ndani ya nafsi. Karne ya 17 René Descartes akachukua mfano wa sanamu za bustani za mfalme wa Ufaransa, zile zilizokuwa zinatembezwa na maji. Akasema neva nazo ni mabomba: kitu chepesi kama upepo kinatoka kwenye ubongo, kinapita humo, msuli unavimba, mkono unainuka. Hakuwa anatania. Telegrafu ilipokuja, Hermann von Helmholtz akaona neva ni nyaya. Huyo angalau alipima: mwaka wa 1850 alipata kwamba mshtuko kwenye neva ya chura huenda kama mita 27 kwa sekunde.

Halafu kompyuta. Kitabu cha John von Neumann kuhusu kompyuta na ubongo kilitoka 1958, yeye ameshakufa. Watu hukumbuka alivyofananisha tu, ilhali aliandika pia vile hivyo vitu viwili havifanani.

Simu ikijaa unafuta picha. Mimi miezi mitatu nilijaribu kufuta, kumbe nilikuwa silali, na sina mtu wa kuongea naye.