Selimundu si ya watu wa ziwa peke yao

Wasee wa Kericho na Bomet, huku kwetu utasikia mtu akisema selimundu ni ugonjwa wa watu wa ziwa. Hiyo stori ina historia, na nusu yake ni kweli.

Mwaka wa 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya na kusomea Oxford, alizunguka nchi akipima damu. Karibu na Ziwa Victoria na kule Pwani, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Nyanda za juu hata mmoja kwa 100 hakufika. Mwaka wa 1954 akaeleza kwa nini: ukirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja, inakukinga na malaria kali. Ukirithi kwa wazazi wote wawili, unaugua. Kwa hivyo penye mbu wengi jeni ilidumu, penye baridi ikakosa kazi.

Lakini chai ilikuwa imeshaanza kuvuruga hiyo ramani. Tangu miaka ya 1920 mashamba makubwa ya Kericho yalivuta wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi. Watu waliishi pamoja kwenye laini, wakaoana, wakazaa. Baridi ya Kericho haifuti jeni ya nyanya aliyezaliwa Nyando.

Sasa, ni mgonjwa gani yuko hatarini zaidi? Madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, walifuatilia wagonjwa 1,725 kati ya 2004 na 2009. Walioaga zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5. Vipimo viwili vilionya mapema: damu kupungua sana, na bilirubini kuwa juu, ile kitu hufanya macho yawe manjano.

Hivyo ni vipimo vya kawaida tu. Shida ni kwamba vinamsaidia mtoto ambaye tayari inajulikana ana selimundu. Akijulikana, kuna penisilini, chanjo, dawa za kuzuia malaria na haidroksiyurea. Na kama sote tunaamini ni ugonjwa wa ziwa, nani huku milimani ataagiza apimwe?

So kabla ya kupanga harusi, pimeni wote wawili. Mkiwa nyote mmebeba jeni, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua. Na mtoto akizaliwa, apimwe mapema, hata kama jina lake ni Chebet.