Majina Mawili ya Tom Prince

Mwanahistoria akitaka kumpima mtu, hana budi kuuliza majina yake aliyapata kwa nani. Tom Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, alipewa mawili.

Alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Morisi, kilichokuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa Mwingereza na mama yake Mjerumani. Alisomeshwa Ujerumani akawa afisa, na mwaka 1890 akaingia katika jeshi la Wissmann. Jeshi lenyewe lilianza kuwa la wageni, kwani askari wake wa kwanza wengi walikuwa Wasudani walioandikwa Misri, pamoja na watu wa Msumbiji walioitwa Wazulu.

Januari 1893 Prince aliliteka boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe. Naye Isike akalipua baruti akiwa ndani, asije akatekwa. Oktoba 1894 alikuwamo katika vita vilivyoiangusha Kalenga, ngome ya Mkwawa. Mwaka 1896 akaanzisha boma la Iringa, na kutoka huko Mkwawa aliwindwa hata akajipiga risasi tarehe 19 Julai 1898.

Kwa kazi hiyo Kaisari alimpandisha cheo cha ukabaila, akaitwa von Prince. Wenyeji nao walikwisha kumwita Bwana Sakarani, yaani mtu aliyelewa, kwa ukali wake vitani. Yeye aliliona jina hilo kuwa sifa, hata alipoacha jeshi akaliita shamba lake la Usambara kwa jina hilo. Lakini katika lugha yetu neno lina pande mbili: mlevi huogopwa, wala hasifiwi, na yaliyovunjwa naye huachiwa wengine kuyajenga. Prince alisikia upande mmoja tu.

Vita vya 1914 vilipozuka alirudi jeshini. Tarehe 4 Novemba mwaka huo aliuawa Tanga, akipigana na jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi chini ya bendera ya Waingereza, bendera ya baba yake na ya kisiwa alichozaliwa.

Cheo alichopewa na Kaisari kimesalia vitabuni, na ufalme uliokitoa ulianguka mwaka 1918. Sakarani lingali jina la mahali katika milima ya Usambara, na wapitao huko hulitamka, pengine bila kujua ni hukumu ya nani juu ya nani.